Biashara ya Hewa Ukaa: Asiyekuwapo na Lake Halipo

Katika historia ya biashara duniani ni mara chache kuuzwa bidhaa ambayo muuzaji hawezi kuishika wala mnunuzi hawezi kuiona. Hewa ukaa ni bidhaa ya namna hiyo. Haipimwi kwa pishi wala kwa mzani wa sokoni. Haipakiwi melini wala haiwekwi ghalani. Hata hivyo fedha hulipwa kwa ajili yake, mikataba hutiwa sahihi, na mara nyingine ardhi yenye ukubwa wa wilaya nzima hufungwa kwa karibu nusu karne.

Mkataba mmoja wa aina hiyo ulitiwa sahihi mwezi wa Machi, 2008, juu ya ardhi ya Mukaya, katika wilaya ya Lainya, kusini-magharibi ya mji wa Juba. Habari zake zinastahili kukumbukwa wakati huu, ambapo serikali nyingi za Afrika zinawafungulia milango wanunuzi wa hewa ukaa. Zinastahili kukumbukwa zaidi katika Sudan Kusini yenyewe, ambako maelfu ya wananchi bado wanaishi mbali na ardhi yao, katika makambi kama lile la Mangateen, mjini Juba.

Kwanza kabisa ni vema ieleweke ni kitu gani hasa kinachouzwa. Mti unapokua hunyonya hewa ukaa kutoka angani na kuihifadhi ndani ya shina, matawi na mizizi yake. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti huo ukichomwa au ukioza, kaboni hujiunga na oksijeni na kurudi angani ikiwa hewa ukaa. Tani moja ya kaboni hutoa tani 3.67 za hewa hiyo. Hewa ukaa inapozidi angani, huzuia joto la dunia lisitoke, na matokeo yake ni ukame mahali pamoja na mafuriko mahali pengine. Kwa anga ni mamoja kama tani hiyo imetoka Texas au imetoka Equatoria, kwa sababu hewa haijui mpaka.

Hoja ya ufidiaji imejengwa juu ya ukweli huo. Kiwanda au shirika la ndege linalotoa tani 1,000 za hewa ukaa linaruhusiwa kumlipa mtu wa mahali pengine azuie tani 1,000 zisitoke, ama azihifadhi katika miti. Kila tani hupewa hati moja. Mnunuzi akiitumia hati hiyo kuhesabu kwamba amelipa deni lake, hati hufutwa katika daftari ili isiuzwe mara ya pili. Watetezi wa mpango huu husema kwamba kupunguza tani moja katika nchi maskini kunagharimu fedha kidogo kuliko katika nchi tajiri, na kwamba fedha hizo humfikia mkulima ambaye vinginevyo asingezipata.

Wataalamu wamezoea kuuliza maswali matatu juu ya kila hati. La kwanza, je, msitu huo usingesalimika hata bila ya fedha za mnunuzi? La pili, miti hiyo itasimama kwa muda gani, ikizingatiwa kwamba moto wa siku moja waweza kuteketeza kazi ya miaka 20? La tatu, je, wachoma mkaa waliozuiwa katika msitu huu hawakuhamia msitu wa jirani? Maswali hayo ni ya haki. Lakini historia ya Afrika ya Mashariki imeleta swali la nne, nalo ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote: ni nani mwenye haki ya kuuza?

Biashara hii haikuzaliwa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya umeme ya AES ya Marekani, iliyokuwa ikijenga mtambo wa makaa ya mawe katika jimbo la Connecticut, ilikubali kutoa dola milioni 2 kusaidia upandaji wa miti nchini Guatemala, kwa kushirikiana na shirika la CARE. Mwezi wa Desemba, 1997, mataifa yalikutana Kyoto, Japani, na kukubaliana kwamba nchi zenye viwanda zipunguze hewa chafu, huku zikiruhusiwa kununua sehemu ya upunguzaji huo katika nchi zinazoendelea. Itifaki hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 16 Februari, 2005. Miradi mingi ilikwenda China, India na Brazil. Afrika ilipata sehemu ndogo sana.

Hata kabla ya Kyoto, Mlima Elgon ulikuwa umekwisha kutoa onyo. Taasisi ya Face, iliyoanzishwa mwaka 1990 na makampuni ya umeme ya Uholanzi, ilikubaliana na Uganda mwaka 1994 kuirudishia miti sehemu iliyoharibiwa ya hifadhi ya mlima huo. Kwa wanasayansi kazi hiyo ilionekana njema. Lakini mlima ulikuwa na watu. Ulipotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1993, jamaa nyingi zilifukuzwa kutoka mahali walipokuwa wakilima na kuchunga. Miti ya fidia ilipopandwa mpakani mwa hifadhi, waliofukuzwa waliiona kuwa ni ukuta wa kuwazuia wasirudi kwao, na mingi waliikata. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda ilikubali kwamba Wabenet ni wakazi wa asili wa sehemu ya mlima huo. Kwa hiyo hati zilizokusudiwa kudumu miaka mingi ziliwekwa juu ya ardhi ambayo ugomvi wake haukuwa umekwisha.

Mwezi wa Desemba, 2007, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Bali, Indonesia, uliamua kwamba suala la kulinda misitu ya nchi zinazoendelea liingizwe katika mazungumzo ya tabianchi. Tangu siku hiyo misitu iliyokwisha kuwapo nayo ikaanza kutazamwa kama ghala la hati. Miezi mitatu baadaye ukatiwa sahihi mkataba wa Mukaya.

Sudan Kusini wakati huo haikuwa bado dola huru. Mkataba wa amani uliotiwa sahihi jijini Nairobi tarehe 9 Januari, 2005, ulikuwa umekomesha vita vya zaidi ya miaka 20, na serikali ya Juba ilikuwa ikiandaa sheria zake. Wakimbizi walikuwa wakirejea kutoka Uganda, Kenya na Kongo, wengi wao wakiwa hawajaonana na ardhi yao kwa miaka mingi. Katika hali hiyo kampuni ya Nile Trading and Development, yenye makao yake Dallas katika jimbo la Texas, ilikodishwa hekta 600,000 kwa miaka 49, pamoja na uwezekano wa kuongezewa hekta 400,000. Upande wa pili wa mkataba ulijiita Ushirika wa Tarafa ya Mukaya. Malipo yaliyotajwa yalikuwa paundi 75,000 za Sudan, yaani dola 25,000 hivi za Marekani.

Hekta 600,000 ni kilomita za mraba 6,000, zaidi ya mara mbili ya visiwa vya Unguja na Pemba vikiunganishwa. Mkodishwaji alipewa haki ya kukata miti iliyopo na kupanda mingine, kulima, na kutafuta mafuta na madini. Alipewa pia haki ya kuuza hati za hewa ukaa zitakazotokana na miti ya ardhi hiyo na kupata faida yake.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa kifungu hicho cha mwisho. Tuseme kwa mfano kwamba kila hekta ingetoa hati moja tu kwa mwaka, na kwamba hati hiyo ingeuzwa kwa dola moja tu. Zingepatikana dola 600,000 kila mwaka, na kwa miaka 49 jumla ingekuwa dola 29,400,000. Kodi iliyotajwa ilikuwa sawa na senti 4 za dola kwa hekta. Huenda msemaji akajibu kwamba mikataba ya namna hii huahidi pia mgawo wa faida. Mgawo, hata hivyo, humwendea aliyetia sahihi, na hapo Mukaya swali kubwa lilikuwa ni nani aliyetia sahihi, na kwa niaba ya nani.

Mwaka uliofuata, yaani 2009, Sudan Kusini ilipata Sheria ya Ardhi. Sheria hiyo ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya watu wa Sudan Kusini, ikatambua ardhi ya jamii kwa mujibu wa mila, na ikataka jamii zishauriwe kabla ya ardhi yao kutolewa kwa mwekezaji. Ulinzi huo ulikuja baada ya kalamu kwisha kuinuliwa juu ya karatasi. Na Mukaya haikuwa peke yake. Utafiti uliotolewa mwezi wa Machi, 2011, na shirika la Norwegian People's Aid ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2010 wageni walitafuta au walipata hekta milioni 2.64 za ardhi ya Sudan Kusini kwa ajili ya kilimo, mafuta ya mimea na misitu. Eneo hilo ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda.

Habari za mkataba zilipotangazwa, wakazi wengi wa Mukaya walisema kwamba hawakuwa na habari nao. Wazee na viongozi wao walitoa waraka wa pamoja kuukataa, na katika mwaka huohuo wa 2011, ambao ndio mwaka wa uhuru, walifikisha malalamiko yao kwa wakuu wa nchi mjini Juba. Mashamba yaliyokusudiwa hayakupandwa. Hapana shaka kwamba huo ulikuwa ushindi wa wananchi. Walishinda kwa sababu walikuwapo. Walikuwa wanaishi juu ya ardhi yao, wanajuana, wana wazee wa kuwakusanya, na njia ya kwenda Juba ilikuwa wazi.

Hali hiyo haikudumu. Tarehe 15 Desemba, 2013, vita vilizuka mjini Juba, na maelfu ya watu wakakimbilia katika vituo vya Umoja wa Mataifa. Mwezi wa Julai, 2016, mapigano yalirudi Juba na safari hii yakaenea Equatoria, hata wilaya za Yei na Lainya zikawa uwanja wa vita. Kambi ya Bidi Bidi, kaskazini ya Uganda, ilifunguliwa mwezi wa Agosti, 2016, na kabla ya mwaka mmoja kwisha ilikuwa imepokea zaidi ya watu 270,000, wengi wao wakiwa watu wa Equatoria. Wazee ambao miaka mitano kabla ya hapo waliweza kukaa chini ya mti mmoja na kusema hapana, sasa mmoja yuko Uganda, mwingine Juba, na mwingine amekwisha fariki ugenini.

Hapo ndipo Mangateen inapoingia katika habari hii. Kambi hiyo ilipokea watu waliokimbia vita, na mwaka 2018 ikaongezewa wengine waliohamishwa kutoka kituo cha ulinzi cha Umoja wa Mataifa. Wengi wa wakazi wake walitoka majimbo ya Jonglei, Unity na Upper Nile, nchi ya ng'ombe, mto na kinamasi kikubwa cha Sudd. Tangu mwaka 2019 mafuriko makubwa yameyafunika majimbo hayo mwaka baada ya mwaka, na mji wa Bentiu ulizingirwa na maji. Kwa hiyo wako watu Mangateen ambao kurudi kwao kumezuiwa mara mbili, kwanza na bunduki, kisha na maji.

Watu hao wanahusika na biashara ya hewa ukaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni jiko. Mangateen, kama Juba karibu yote, hupikia mkaa na kuni kutoka misitu ya jirani. Duniani leo yako makampuni yanayotoa majiko yanayotumia mkaa kidogo, kwa bei nafuu au bure, na kuhesabu mkaa usiochomwa kuwa hati za kuuza. Jiko zuri ni jambo jema kwa mama anayenunua mkaa kwa kopo. Lakini kwa kawaida anayepokea jiko hukabidhi pia haki ya hewa itakayookolewa, na ni nadra aelezwe thamani yake. Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwezi wa Januari, 2024, kwamba katika miradi ya majiko waliyoichunguza, hati zilizotolewa zilizidi akiba ya kweli kwa zaidi ya mara 9. Maana yake ni kwamba moshi uliodaiwa kufidiwa ulibaki angani, na mafuriko ya Jonglei hayakupungua.

Njia ya pili ni ardhi waliyoiacha. Vinamasi, mbuga na misitu isiyo na watu huonekana katika ramani ya mwekezaji kama mali isiyo na mwenyewe. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Mtu wa Mangateen hahudhurii baraza la kijiji chake, hasikii tangazo, wala hapigi kura. Na kwa kuwa haki ya wengi juu ya ardhi ni ya mila, ushahidi wake ni ukumbusho wa wazee na majirani. Majirani wakitawanyika, ushahidi nao hutawanyika.

Isidhaniwe kwamba biashara yenyewe ni ovu. Iko mifano ya karibu inayoonyesha kwamba yaweza kufanywa kwa haki. Katika Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, nchini Tanzania, Wahadzabe walipata hati ya haki miliki ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Mauzo ya hewa ukaa ya msitu wao yalikuja baada ya hati hiyo, na fedha zikasaidia kulipa walinzi wa msitu, matibabu na karo. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Msitu huo ni wa serikali, lakini wanavijiji walifanya kwanza makubaliano na idara ya misitu kwa kupitia chama chao. Wanauza hati zipatazo 3,000 kwa mwaka, na mapato yameleta maji na kusaidia shule. Gazi ni hekta 117, na Mukaya ilikuwa hekta 600,000. Mradi mdogo wenye wenyewe umedumu, na ule mkubwa usio na wenyewe haukuota hata mche mmoja.

Baadhi ya serikali zimeanza kujifunza. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023, ikaagiza kwamba katika miradi ya ardhi jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Nao wanunuzi hawakulala. Katika mwaka huohuo wa 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitangaza makubaliano ya awali na Liberia, Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Kenya, yakihusu mamilioni ya hekta. Mwezi wa Novemba, 2024, mataifa yaliyokutana Baku, Azerbaijan, yalipitisha kanuni za soko jipya la hati chini ya Mkataba wa Paris. Sudan Kusini iliuridhia mkataba huo mwaka 2021. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba mnunuzi atabisha hodi tena Juba, na huenda akaja na maneno mazuri kuliko yale ya mwaka 2008.

Atakapofika, jambo la kwanza la kumwuliza halitakuwa idadi ya tani. Ataulizwa wenye ardhi ni akina nani, wako wapi, na lini walikaa pamoja wakakubali. Ikiwa wako Bidi Bidi, mkutano ufanyike Bidi Bidi. Ikiwa wako Mangateen, mkataba usomwe Mangateen, kwa lugha wanayoielewa, na bei itajwe hadharani. Na ikiwa hawawezi kukusanyika kwa sababu ya vita au maji, basi ardhi yao ingoje. Msitu hauharibiki kwa kusubiri wenyewe. Aidha daftari la ardhi za jamii liandikwe sasa, wakati wazee wanaojua mipaka wangali hai, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi zilizochangia kidogo sana joto la dunia, na ni miongoni mwa zile zinazoumizwa sana nalo. Ikiwa fedha za fidia zitafika, zitakuwa ni haki yake. Lakini fidia inayompita aliyeathirika na kumfikia mtia sahihi haiwezi kuitwa fidia. Watu wa Mukaya waliweza kuikataa kwa sababu walikuwapo. Wajibu wa serikali, ya Juba na za nchi jirani, ni kuhakikisha kwamba hata yule asiyekuwapo, lake lipo.